Mrija wa kiwandani, kondoo, na kifua cha mzee wangu

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wote ambao sikuwataja shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nashukuru mmejaa, mpaka madirishani naona watu. Wazee mliokaa nyuma kama sauti haifiki nyoosheni mkono. Mimi ni daktari wa mifugo, sio wa binadamu, nalisema mapema ili asitokee mtu akaacha dawa alizoandikiwa hospitali kwa sababu ya neno langu la leo.

Nianze na neno lenyewe, mshipa. Hapa kwetu Tanga ukisema fulani ana mshipa watu wanainamisha macho, wanajua ni ngiri ama busha. Leo sio huo. Leo nazungumzia mishipa ya damu, na hasa ile myembamba inayoulisha moyo, na kwa nini mrija wa kiwandani wa kushika nafasi yake unawahangaisha watu mpaka leo, pamoja na kondoo wanaojaribiwa nao. Hapa kwenye sinia nina moyo wa mbuzi nimenunua asubuhi Mgandini, mkiutazama juu yake mtaona vijia vimetambaa kama mizizi, vimefunikwa na mafuta kidogo. Hiyo ndo yenyewe. Watu wengi wanadhani moyo unajinywea damu inayopita ndani yake, hapana, moyo unalishwa kwa nje na hivi vijia, na kwa binadamu mtu mzima upana wake ni milimita 3 ama 4 pale vinapoanzia, halafu vinazidi kuwa vyembamba. Chukua peni, toa ule mrija wa wino wa ndani, uangalie. Maisha ya mtu yanapita kwenye kitu cha size hiyo, na moyo unapiga kama mara laki moja kwa siku.

Sasa kwa nini daktari wa ng'ombe na mbuzi amesimama hapa kuongea habari za moyo wa mtu. Ni kwa ajili ya mzee wangu. Baba alikuwa kuli bandarini hapa hapa, enzi zile meli zinatia nanga nje huko na marobota ya katani yanapelekwa na tishari, miaka karibu 30 ya kusimama na kubeba. Uzeeni kifua kikaanza kumbana, akipanda ngazi tatu anakaa chini, tukampeleka Dar wakampima wakakuta mishipa mitatu ya moyo imeziba. Daktari akatukalisha akatuelezea kwamba atafungua kifua, achukue mshipa mmoja wa ndani ya kifua upande wa kushoto, na mshipa mwingine mrefu wa mguuni, aitumie kupitisha damu pembeni ya sehemu iliyoziba, kama vile barabara ikikatika na mvua mnachonga njia ya pembeni magari yapite. Hiyo ndo baipasi.

Tatizo likawa miguu. Miguu ya mtu aliyesimama na mzigo miaka 30, mishipa imevimba imejikunja kama kamba ya nazi. Wa kulia haukufaa kabisa, wa kushoto wakapata kipande kifupi, kwa hiyo badala ya njia tatu wakamjengea mbili, ya tatu wakasema tutaisaidia na dawa. Alipona, alhamdulillah, aliishi miaka mingine mingi. Lakini siku ile kabla ya operesheni mimi nilimuuliza yule daktari, nikamwambia dokta, nyie mna mirija ya plastiki ya kila aina, mbona hamuweki mrija wa kiwandani mkauacha mguu wa mzee? Akanijibu kwa upole sana, akasema kwa mshipa mkubwa wa tumboni ipo na tunaitumia kila siku, kwa mshipa wa moyo hakuna wa kuaminika, watu wanajaribu kwa kondoo na nguruwe miaka nenda rudi. Aliposema kondoo ndo nikashtuka, manake kondoo ni kazi yangu. Toka hapo sijaacha kusoma. Mimi mwenyewe sijawahi kufanya jaribio la namna hiyo, hilo lieleweke, nilichonacho ni miaka mingi ya kuwatibu kondoo na mbuzi huku Tanga na kuyasoma ya wenzetu kwa jicho la mtu anayewajua hao wanyama.

Habari hii ilianza na sindano na uzi, na kwa kuwa mama yangu alikuwa fundi cherehani hapa Ngamiani mniruhusu nikae hapo kidogo. Mwaka 1894 rais wa Ufaransa Sadi Carnot alichomwa kisu mjini Lyon, mshipa mkubwa wa kwenda kwenye ini ukakatika, akafa, kwa sababu hakuna daktari aliyekuwa anajua kushona mshipa wa damu ukashika. Kijana mmoja wa udaktari pale Lyon, Alexis Carrel, jambo lile likamkaa rohoni, akaenda kwa mama mmoja fundi wa kudarizi kujifunza kutumia sindano nyembamba na uzi mwembamba. Nyie mnaoshona kofia za mkono mnajua hiyo kazi ilivyo, tundu dogo, uzi usivute kitambaa kikajikunja. 1902 akachapisha namna ya kuunganisha mshipa kwa mshipa, baadae akaenda Marekani akaendelea na majaribio kwa mbwa na paka, hadi njia ya pembeni kwenye moyo wa mbwa alijaribu, akaiandika 1910. 1912 akapewa Nobel. Kwa binadamu tukasubiri sana, daktari Kolesov kule Leningrad, Urusi, mwaka 1964 akaunganisha mshipa wa kifuani kwenye mshipa wa moyo, halafu 1967 Favaloro, Muajentina aliyekuwa anafanya kazi Cleveland Marekani, akatumia mshipa wa mguuni na njia yake ndo ikaenea dunia nzima.

Mrija wa kutengeneza nao ulianza kwa mbwa. Mwaka 1947 daktari kijana wa New York, Arthur Voorhees, alikuta uzi wa hariri uliobaki ndani ya moyo wa mbwa umefunikwa na utando laini unaong'aa, damu haijagandia pale. Akajiuliza, kama uzi mmoja mwili umeuvika ngozi yake, kitambaa kizima je? Akashona mrija kwa leso ya hariri, akauweka kwa mbwa, ukapitisha damu kwa muda mfupi. Akahamia kwenye kitambaa cha nailoni nailoni hivi kinaitwa Vinyon N, akakishona na cherehani, 1952 akatoa matokeo. Na daktari mwingine, Michael DeBakey wa Houston Marekani, alienda dukani kutafuta kitambaa cha nailoni akaambiwa kimeisha, ipo Dacron, yaani poliesta, akanunua hiyo, akakaa nyumbani na cherehani ya mkewe akashona mirija. Mama yake ndo alimfundisha kushona utotoni. Mimi nikisoma hivo namuona mama yangu na Singer yake pale barazani.

Hiyo poliesta mpaka leo inafanya kazi kwenye mshipa mkubwa kabisa, aorta, wenye upana wa milimita 20 na zaidi. Ikaja Teflon ya kuvutwa, plastiki ya jamii ya ile ya kikaango kisichoshika, miaka ya 70, nayo inafaa kwa mishipa ya mapaja na kwa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine. Ila ukishuka chini ya milimita 6 mambo yanaharibika.

Kwa nini? Mshipa wako wa asili ndani una utando wa seli hai, unene wake seli moja tu, na huo utando hauishii kuwa laini, unatoa kemikali muda wote za kuiambia damu usigande hapa. Mrija wa kiwandani uko kimya, hausemi kitu, damu ikiugusa inauona ni kidonda inaanza kuganda. Kwenye mshipa mpana damu inapita kwa kasi na kwa wingi, tabaka jembamba likiganda ukutani njia bado ipo. Kwenye milimita 3 tabaka hilo hilo ndo kifo. La pili, mshipa hai unanyumbuka, moyo ukipiga unatanuka kidogo na kurudi, poliesta na Teflon ni ngumu, kwa hiyo pale pa kuungia kigumu na laini pana msuguano kila pigo, mwili unajibu kwa kuotesha nyama ya kovu kwa ndani, miezi ikipita inanenepa mpaka inafunga njia. Hata ule mshipa wa mguuni hauponi na hili, baada ya miaka 10 karibu nusu yake inakuwa imeziba ama kuharibika, wakati ule wa kifuani zaidi ya asilimia 90 unakuwa bado wazi. Na wa kifuani tunao mmoja kushoto na mmoja kulia. Sasa mtu anataka njia nne, ana kisukari, miguu imeshachanwa ama imevimba kama ya mzee wangu, atapata wapi?

Ndo maana watu wanahangaika. Wengine wanafuma nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui zikawa mrija ambao mwili utauingia, utauyeyusha polepole na kujenga mshipa wake mwenyewe mahali pake. Wengine wanatumia hariri. Mtafiti wa Marekani, Laura Niklason, mwaka 1999 yeye na wenzake waliotesha mshipa wa nguruwe ndani ya chombo maabara, na njia hiyo baadae ikafanywa kwa seli za binadamu, zinaoteshwa, zinajenga ukuta, halafu seli zote zinaoshwa linabaki ganda tu la protini ambalo halina mwenyewe, unaweza kumuwekea mtu yeyote. Desemba 2024 Marekani waliuruhusu mshipa wa namna hiyo kwa majeruhi, mtu aliyekatika mshipa wa mkono ama mguu. Wa size ya moyo umejaribiwa kwa nyani.

Sasa nifike kwa kondoo, hapa ndo kwangu.

Kabla mrija haujamgusa mnyama unapimwa mezani, unajazwa maji mpaka upasuke wajue umestahimili presha kiasi gani, unavutwa uzi wajue utachanika lini. Ukifaulu unaenda kwa panya ama sungura, kipande kidogo, wiki kadhaa. Halafu ndo mnyama mkubwa. Mbwa ndo walitumika zamani, siku hizi ni zaidi kondoo na nguruwe. Nguruwe moyo wake unafanana sana na wetu, kwa ukubwa na kwa mpangilio wa hivi vijia, ila nguruwe wa kufugwa anakua mno, unamuwekea mrija akiwa na kilo 40 baada ya miezi michache ni mnyama mwingine kabisa, mrija umebaki vile vile. Kondoo mkubwa hakui sana, mtulivu, shingo ndefu, mshipa wa shingoni uko karibu na ngozi una upana wa kufaa, unaweza kumpima na ultrasaundi amesimama anakula.

Siku ya operesheni anafungishwa kula tangu jana yake. Mfugaji hapa anajua kwa nini, mnyama anayecheua ukimlaza chali tumbo linajaa gesi, linasukuma mapafu, chakula kinarudi kooni anapaliwa anakufa. Kwa hiyo anawekewa mpira wa kutoa gesi tumboni, anapewa nusu kaputi, anawekewa mashine ya kupumulia. Wanashona kwa uzi mwembamba kama unywele. Akiamka anapewa dawa ya maumivu, na hapa naomba mnisikilize vizuri wafugaji na wanafunzi: kondoo hasemi. Mbwa ataunguruma, nguruwe atapiga kelele mtaa mzima usikie, kondoo ni mnyama wa kuliwa na chui, kizazi na kizazi aliyeonyesha udhaifu ndo aliliwa kwanza, kwa hiyo anaficha. Utamjua kwa vidogo. Hacheui. Anasaga meno. Masikio yameshuka nyuma, macho kayabana, kajitenga na wenzake. Asiyejua kondoo atasema huyu ametulia, kumbe anateseka. Na asikae peke yake kamwe, kondoo akiwa peke yake moyo wake wenyewe unakwenda mbio kwa hofu, anakaa na mwenzie wanaonana. Mimi nikisoma jaribio la mtu kitu cha kwanza natafuta ni hicho, kondoo alikaa na nani, alipewa dawa gani ya maumivu na kwa siku ngapi. Ikiwa hakuandika, na matokeo yake nayaangalia kwa mashaka, manake mnyama mwenye maumivu na hofu hata damu yake inaganda tofauti.

Miezi ikipita, 6 ama 12, wanamuua kwa dawa ya usingizi. Kabla ya hapo wanampa heparini damu isigande, wasije wakakuta bonge la damu ndani ya mrija wakashindwa kujua limeingia akiwa hai ama baada ya kufa. Wanautoa mrija, wanaukata vipande vyembamba, wanaangalia kwenye hadubini utando umefika wapi na kovu limenenepa kiasi gani. Huyo kondoo hachinjwi akaliwa, kazi yake yote ilikuwa ni lile jibu. Kwa hiyo jibu lazima liwe la kweli.

Na hapa ndo kiini cha kuja kwangu leo. Kondoo anaweza kutudanganya, na hadanganyi yeye, tunajidanganya wenyewe. Wanyama hawa mwili wao unauvika mrija utando upya haraka, unatambaa toka kwenye mshono na unapenya hata ukutani, kipande cha sentimita nne kinavikwa chote. Binadamu utando unatambaa sentimita moja ama mbili toka kwenye mshono halafu unasimama, hata ukikaa nao miaka. Na njia ya pembeni ya moyo inataka sentimita 15 hivi. Sasa mtu akiweka kipande kifupi kwa kondoo akasema mrija wangu umevikwa wote, amesema kweli, na hajamsaidia mgonjwa hata mmoja. Tena kondoo wake ni kijana, mzima, hana kisukari, hana presha, havuti sigara, mgonjwa wetu ana miaka 65 na vyote hivyo anavyo. Tena kaweka shingoni, mahali damu inapita kwa nguvu na mshipa umenyooka, wakati mshipa wa moyo unapata damu yake nyingi pale moyo unapolegea kati ya pigo na pigo, na unajikunja na kunyooka mara laki moja kwa siku. Ndo maana miaka sabini mirija inafaulu kwa wanyama inafeli kwa watu. Mtafiti mwenye haki na yule kondoo ni yule anayeweka mrija mrefu, anausubiri muda mrefu, anauweka mwishoni kwenye moyo wenyewe, yaani anachagua jaribio linaloweza kumuumbua. Kama sivyo umeua mnyama ili upate picha nzuri ya kuonyesha wafadhili.

Kuna waliouliza mlangoni, kwa nini wasitumie kompyuta wanyama waachwe. Swali zuri, na kazi inaenda huko. Wapo Waingereza wawili, Russell na Burch, 1959 waliweka kanuni ambayo mpaka leo ndo inafuatwa: kama unaweza kufanya bila mnyama fanya bila mnyama, kama huwezi tumia wachache iwezekanavyo, na hao wachache wasiumie zaidi ya lazima. Mtiririko wa damu sasa hivi unapigwa hesabu kwenye kompyuta kabla mrija haujafumwa, mibaya inatupwa hapo hapo, na hilo limeokoa wanyama wengi. Ila kuganda, kovu, kinga ya mwili, vyote kwa pamoja kwa mwaka mzima, kompyuta haijaweza, na tangu 1947, kwenye kesi ya Nuremberg ya madaktari wa Kinazi kwa yale waliyowafanyia wafungwa kwenye vita, iliwekwa kanuni kwamba binadamu asiwe wa kwanza. Hata sisi tuna sheria yetu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, nendeni mkaisome, na asiwaambie mtu kwamba mnyama hapa hana sheria.

Swali la pili ni la mzee mmoja aliyenishika mkono nikiwa naingia, kuhusu nguruwe, kama mrija uliojaribiwa kwake ni halali kwa Muislamu. Nitajibu sehemu yangu. Mrija uliojaribiwa kwa nguruwe hauna nguruwe ndani yake, ni kama dawa iliyoonjwa na jirani. Lakini vipo vitu hospitali vinavyotoka kwa nguruwe kweli, vali za moyo nyingine, na hiyo heparini mara nyingi inatolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Hukumu yake, dharura inaanzia wapi inaishia wapi, hiyo ni ya masheikh na wapo humu ndani, sitawasemea. Mimi ninachosema ni kwamba mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla, kwa Kiswahili, akiwa amekaa sio akiwa ameshalazwa kitandani, na akiuliza asionekane msumbufu.

Mzee wangu baada ya operesheni alikuwa na kovu mguuni toka kifundo mpaka karibu na goti. Kila akivua viatu kwenda msikitini linaonekana, watoto wakimuuliza anawaambia huu mshipa sasa uko moyoni. Yule wa tatu, ambao haukupata njia, ndo uliomsumbua miaka yake ya mwisho, akitembea toka nyumbani mpaka barabara ya 12 anasimama mara mbili. Mrija wa milimita 3 na nusu, wa kutegemewa, ungemtosha. Ndo maana sichoki kufuatilia, na ndo maana namuonea uchungu kondoo ambaye jaribio lake lilifanywa hovyo, yeye na mzee wangu wote wawili wameporwa kitu kimoja.

Haya, nimeongea vya kutosha. Njooni mbele tuupasue huu moyo wa mbuzi, glavu zipo kwenye boksi, nimeleta na kipande cha kitambaa cha poliesta na mrija wa peni mlinganishe kwa macho yenu. Watoto waje kwanza, na fundi yeyote wa kofia aliyemo humu naomba asimame karibu yangu, nataka ajaribu kushona hapa kwenye hiki kijia tuone itachukua muda gani.